Mtungi wa Izza

Kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru tena. Sauti ile ndogo ilitoka ghalani kabla ya adhana ya alfajiri, na mwanzoni nilidhani ni panya. Kisha nikafikiri kwamba panya hasimami kusikiliza kama kuna mtu ameamka.

Nilijifunga blanketi nikavuka ua bila viatu. Theluji ya mwisho ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye pembe za ukuta. Mlango wa ghala ulikuwa wazi kidogo, na ndani, kando ya shimo tulilolifukua jana jioni mimi na mjukuu wangu Izza, alikuwa amechuchumaa Hadda. Mshumaa chini, kisu cha jikoni mkononi. Ameshaivua ngozi ya mbuzi iliyofunika mtungi wa samli, na anakwangua nta iliyouziba mdomo.

Hadda ni mke wa shemeji yangu. Waume zetu walikuwa ndugu, wote wawili wamekwisha lala makaburini, na sisi tumebaki katika ua mmoja, yeye vyumba vya mashariki, mimi vya magharibi. Kwa miaka kumi na moja hakunisemesha. Akitaka nijue kwamba paka wangu amemwaga maziwa yake, alimwambia paka.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Rudi ulale."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu tulipomzika binti yake.

"Huo ni mtungi wa Izza," nikasema.

"Najua ni wa nani."

"Basi weka kisu chini."

"Nisipoweka utanifanya nini, bibi kizee? Utanipiga na blanketi?"

Nilimshika mkono. Alivuta, nami nikavuta, wanawake wawili wenye meno machache tukigombania kisu cha kumenyea viazi, mpaka kikateleza na kunikata kidole gumba. Hadda akaitazama damu. Akakichomeka kisu ardhini, akachana ukingo wa kilemba chake, akanitupia kile kitambaa bila kunitazama usoni.

"Funga. Usidondoshee samli."

Akauzima mshumaa kwa vidole, akaondoka. Nilipapasa gizani, nikaurudishia mtungi ngozi yake, nikakaa mlangoni mpaka kulipopambazuka. Nilikuwa na hasira, lakini kile kitambaa kilikuwa kimefungwa vizuri kwenye kidole changu na damu ilikuwa imekatika. Nililiona hilo pia.

Adhuhuri ya siku hiyo mama yake Moha, kijana anayemposa Izza, alikuwa anakuja kuionja samli.

Huku kwetu milimani, juu ya mji wa Azru, mtoto wa kike akizaliwa, mama yake hukanda siagi ya majira yale kwa chumvi na maji ya zaatari, jani la mlimani lenye harufu kali, akaishindilia mtungini. Mdomo huuziba kwa nta, na nta ikiwa bado ya moto hugandamizia bangili yake ya fedha ili alama ibaki. Kisha mtungi huzikwa kwenye sakafu ya ghala. Haufunguliwi mpaka msichana atakapoposwa, na mwenye kuonja kwanza ni mama wa mvulana. Kufika hapo samli imekuwa ya kahawia, na harufu yake ni ya zizi, ya ngozi mbichi, ya kitu kilichokaa na hasira muda mrefu. Watu wa bondeni huziba pua tangu mlangoni. Daktari mmoja wa chanjo alionja kwangu ncha ya kijiko, machozi yakamtoka, kisha akauliza kama kuna mkate.

Mama yake Izza, mkwe wangu Mahjuba, alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Hajati Batul, mama yake Moha, alikwisha sema kisimani na sokoni kwamba msichana aliyelelewa na bibi hajalelewa na mtu. Mtungi ukiwa na kasoro yoyote, mwanawe ataoa kwingine. Izza na Moha walikuwa wamengojana miaka mitatu. Usiku ule mtoto hakulala, nilimsikia akigeuka na kugeuka.

Hajati Batul aliingia na mwanawe, akaketi kabla hajaambiwa karibu.

"Nyumba yenu ina baridi."

"Kuni za mwerezi hizo zinawaka, hajati. Sogea."

"Nimesogea. Labda baridi haitoki nje."

Moha alikuwa amebaki mlangoni akivigeuza viatu vyetu sisi wazee vielekee nje, ili tukitoka tusihangaike kuinama. Hakuna aliyemtuma. Nikasema moyoni, huyu simwachi aende.

Izza alileta mtungi ameukumbatia kama mtoto mchanga, akauweka juu ya zulia. Hajati aliivua ngozi mwenyewe. Akainamia nta, akapitisha kucha.

"Nani ameikwangua hii?"

"Panya," nikasema.

"Panya wa kwenu wanatumia kisu." Akanyoosha mkono kwa Izza. "Hiyo bangili ni ya mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Sijawa mama yako. Lete."

Izza aliivua. Bangili ikamkwama kwenye kifundo mpaka Moha akapiga hatua moja, kisha akakumbuka yuko mbele ya nani, akasimama. Hajati akaiweka bangili juu ya nusu ya alama iliyosalia. Akaizungusha. Akaizungusha tena. Bangili ya Mahjuba ina vinundu vya duara kama mbegu za mapera. Alama ile ilikuwa ya pembetatu.

"Haikai," Hajati akasema taratibu, kama mtu aliyepata alichokifuata. "Huu si mtungi wa mama yako, msichana. Mmeununua wapi? Sokoni?"

"Sijui," Izza akasema. "Wallahi sijui."

"Mama, onja kwanza," Moha akasema.

"Wewe nyamaza, au ukakae na viatu." Akaanza kujifunga shela yake. "Nyumba ya kudanganya kwenye samli itadanganya kwenye kila kitu."

Mimi nilikuwa naitazama nta. Pembetatu, pembetatu, pembetatu, pengo. Moja imekosekana. Bangili hiyo naijua. Ilianguka kwenye kinu siku ya harusi ya mwenyewe ikang'oka jino, na kwa miaka arobaini nimeisikia ikigonga ubao wa mkate upande wa pili wa ua.

"Hajati," nikasema, "nipe muda wa kuvuka ua. Huu mtungi una mwenyewe."

"Sina siku nzima."

"Moha, mmiminie mama yako chai."

Akammiminia upesi, bilauri ikajaa mpaka juu, na mtu hawezi kuondoka ameshika bilauri ya moto.

Hadda alikuwa ameketi kizingitini kwake akimenya viazi kwa kisu kilekile.

"Hadda, njoo useme. Wanataka kumwacha mtoto."

"Nilikuambia ulale."

"Nakuomba."

Akaendelea kumenya. "Siku ya tanga la Rabha ulisema neno. Liseme tena nilisikie."

Rabha alikuwa binti yake, wa pekee. Homa ilimshika katikati ya majira ya baridi, na siku ya tanga mimi, niliyempenda kama wangu, nilitafuta mtu wa kumlaumu. Neno hilo sijawahi kulitamka tena.

"Nilisema ungemshusha hospitali mapema, angekuwa hai."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Na njia ilikuwaje?"

"Ilikuwa imefungwa na theluji. Siku sita. Hata mimi nisingeweza kumshusha. Nilikukosea, Hadda. Nililijua hilo jioni ileile, nikaona haya kuja. Kisha ikawa mwaka, kisha ikawa hivi."

Alikimaliza kile kiazi. Akakiangalia pande zote kama kuna ganda lililobaki. Akakitia kwenye maji, akasimama, akanipita.

Hakumsalimu Hajati. Aliivua bangili yake, akaiweka juu ya nta, na ikazama mahali pake, pengo kwenye pengo.

"Mtungi wangu," akasema. "Niliuzika Rabha alipozaliwa. Mwanangu hakufika kuufungua. Ule wa Mahjuba ulipasuka."

"Uliupasua wewe?" Hajati akauliza.

Hadda akanigeukia.

"Huyu hapa. Mwaka wa tisa huu. Mbuzi wake alikuwa anazaa kwenye baridi kali, akamwekea jiko la makaa ghalani, juu ya sakafu palepale ulipozikwa mtungi. Anamwonea mbuzi huruma, anaichemsha samli ya mjukuu wake. Harufu mimi niliipata nikiwa chumbani kwangu. Yeye alikuwa anamkausha mwanambuzi kwa shuka."

Niliukumbuka usiku ule. Niliukumbuka na mwanambuzi mwenyewe, wa kijivu. Nikakaa chini.

"Alipowapeleka malishoni nikafukua," Hadda akaendelea. "Samli yote imenywewa na udongo, vigae vitupu. Nikaweka wangu."

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nilikuwa sisemi na wewe."

Izza alicheka na kulia kwa pamoja, akajifunika uso. Hajati peke yake hakucheka.

"Na kukwangua huku?"

"Nilitaka kuyeyusha nta na kuichora kwa ncha ya kisu alama kama ya bangili ya Mahjuba. Nusu saa tu ningemaliza, kama huyu angelala kama wazee wenzake. Mtoto asingejua. Wewe pia usingejua, na pua yako hiyo ndefu."

"Kwa hiyo binti hana mtungi wa mama yake," Hajati akasema. "Nilivyosema ndivyo ilivyo."

"Ana mtungi wa mama. Umri wake miaka thelathini. Wako wewe ulipofunguliwa ulikuwa wa miaka mingapi, Batul?"

Hajati akaizungusha bilauri yake.

"Kumi na minne," akasema mwishowe, na sauti ilishuka kidogo.

"Basi leo onja ya watu wazima."

Hadda akaivunja nta kwa kitako cha kisu. Harufu ilipanda ikatupiga sote. Moha alirudi nyuma hadi ukutani, macho yamejaa maji, akajitahidi kutabasamu kwa adabu. Ndani samli ilikuwa nyeusi kuelekea kahawia, na mishipa ya buluu kama mkono wangu. Hajati alichota kwa kijiko cha mti. Akaiweka ulimini, akafumba macho.

Mimi naijua inavyokwenda. Kwanza chumvi, kali mpaka masikioni. Halafu zizi, na hapo ndipo mgeni hutema. Asiyetema, akivumilia tu, hufika mahali inapogeuka tamu kama jozi. Na nyuma kabisa, nyembamba, kuna zaatari tuliyochuma mimi na Hadda mlimani tukiwa vijana, yeye na tumbo la Rabha, mimi nikimbebea kapu kwa sababu alikuwa hawezi kuinama.

Hajati alifumbua macho. "Mkate," akasema.

Izza akampa. Alichovya mara moja, mbili, akachovya mara ya nne. Kisha akajifuta midomo na ukingo wa shela.

"Ina ukali mbaya."

"Imefanana na mwenyewe," nikasema, na Hadda akatoa pumzi kupitia puani, sijui ni kicheko au dharau.

"Waandishi wa ndoa waje Alhamisi," Hajati akasema akisimama. "Na huo ukuta wenu upakeni chokaa, sitaki watu wangu wauone hivyo. Wewe msichana, siku ukija kwangu, jiko la makaa hulitii ghalani."

"Sitatia, mama."

Safari hii hakumkatalia neno lile. Akavaa viatu vyake vilivyokwisha geuzwa, akashuka mlima bila kuaga.

Hadda naye alikuwa amekwisha ondoka. Nilipika kuskusi, nikaitia kijiko cha samli ile, nikavuka ua na bakuli kabla halijapoa. Sikuwa nimepita kizingiti kile tangu tanga. Gauni la Rabha lilikuwa bado kwenye msumari, limefuliwa, limepigwa pasi.

Hadda alikula bila kusema karibu. Alinisukumia mto kwa mguu ili nisikae kwenye sakafu tupu.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Uliitia wewe, miaka thelathini iliyopita."

Akatafuna. "Kidole kinauma?"

"Kidogo."

"Umestahili."

Tulikaa mpaka bakuli likaisha. Niliposimama nijikongoje kwenda kwangu, alikuwa anakwangua mabaki kwa ukoko wa mkate, ameniinamishia kilemba chake kilichochanika.

"Kesho uje tena, Yamna," akasema. "Uje na kijiko chako. Mimi ninacho kimoja."