Mzigo wa Kiti cha Nyuma

Jumanne moja ya Mei mwaka 1984, saa tatu asubuhi, Dishon alipiga magoti nyuma ya Peugeot nyeupe katika uwanja wa mafundi ulio nyuma ya Soko la Burma, akalipapasa tairi la kushoto kwa kiganja. Upande wa nje lilikuwa bado na meno yake yote. Upande wa ndani lilikuwa na upara, na nyaya zilikuwa zimeanza kutokeza. Tairi lenyewe halikuwa limemaliza majuma matano.

Tairi kulika upande wa ndani si ajabu. Gari likishushwa, magurudumu ya nyuma huinamiana kwa juu, na tairi likabaki kukanyaga kwa ukingo mmoja. Dishon ndiye aliyelishusha gari hili mwezi wa pili. Alikata springi zote nne, mzunguko mmoja kila moja, kwa sababu mwenye gari alitaka lishike barabara kwenye kona. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye koti la ngozi, hakuwahi kusema anafanya kazi gani, na pale uwanjani hakukuwa na mjinga wa kumwuliza. Walimwita mkubwa, wakanyamaza.

"Hii gari hubeba watu wangapi, mkubwa?" Dishon aliuliza.

Lilikuwa swali la kazi. Dishon hakuwa na mashine ya kunyoosha magurudumu. Alikuwa na uzi, aliouvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, na gari likiwa tupu uzi hudanganya. Gari lilipimwa likiwa na watu wake ndani. Wauza nyama wa Burma walizoea kuitwa waje wakalie viti vya magari wasiyoyajua, na walikuja na sahani zao mkononi, wakaendelea kula.

"Niko peke yangu," mkubwa akasema.

"Na nyuma?"

"Nimesema peke yangu." Akaenda zake kula nyama.

Gachanja, fundi mwenzake Dishon, mtu wa kutania hata matangani, alifungua mlango wa nyuma akakipapasa kiti. Kilikuwa na joto, na sponji ilikuwa imebonyea mahali panne.

"Kuna watu," akasema, kama mtu anayesema kuna maji kwenye rejeta. "Wanne. Wamebanana sana."

Hawakuonekana, lakini springi zilikuwa zimewahesabu. Gachanja akaifungua milango yote, wakakaa kando wakanywa chai. Chai iliisha na gari halikuinuka hata nusu inchi.

"Hawashuki," Gachanja akasema.

"Hawajaambiwa washuke."

Dishon alikuwa akitazama jinsi gari lilivyolalia kushoto, na ulalo huo aliujua. Kaka yake Mulama, mpakiaji wa magunia katika kiwanda cha unga, alikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila alipokaa alilalia nyonga ya kushoto. Sofa lake kule Kaloleni lilikuwa limevunjika upande huo. Mulama aliwasemea wenzake kwenye mkutano wa mishahara, na yalikuwa majuma matatu sasa tangu achukuliwe mlangoni kwake mchana kweupe. Majirani waliona gari jeupe. Namba hakuna aliyeiona, ingawa walikuwa wengi na macho yao ni mazima. Tangu siku hiyo mkewe, Nakhumicha, alizunguka vituo vya polisi na chakula, na kila kituo kilimwambia mtu huyo hatumjui.

Dishon aliogopa. Aliogopa kujua, na zaidi aliogopa uso wake mwenyewe, ambao haukuwahi kuficha kitu. Lakini kazi ilikuwa kazi na mkubwa angerudi. Akavuta uzi wake, akaingiza kichwa garini, akasema kwa sauti ya chini, "Mulama, songa katikati kidogo."

Gari likayumba mara moja. Upande wa kushoto ukainuka inchi moja, na uzi ukagusa magurudumu yote mawili sawasawa.

"Imekaa," Gachanja akasema. Utani ulikuwa umemwisha.

Saa saba Nakhumicha alipita na kikapu. Chakula kilichokataliwa vituoni aliwaletea wao, kisiharibike.

"Shemeji, leo wamenifukuza langoni kabisa," akasema. Kisha akaliona gari jeupe, na milango iliyo wazi, na Dishon asiyeweza kumtazama. "Yuko humu?"

"Yuko. Kushoto, katikati kidogo."

Nakhumicha hakupiga kelele. Aliweka bakuli la ugali na mboga ya mrenda kwenye kiti, akageuka kutazama barabara, maana Mulama hakupenda kutazamwa akila. Alipogeuka tena, bakuli lilikuwa tupu.

"Hajashiba," akasema. "Mwenye gari yuko wapi? Nataka nimwulize."

Dishon akamshika mkono. "Usimwulize. Una watoto."

"Na wewe una ndugu," Nakhumicha akasema. Akauondoa mkono wake, akalitia bakuli kikapuni, akaenda. Dishon aliona aibu, lakini aibu ilikuwa ndogo na woga ulikuwa mkubwa, kwa hiyo hakumfuata.

Mkubwa alirudi saa nane, na kijiti cha meno mdomoni. Aliinama akautazama uzi.

"Uliwezaje?"

"Nilikaza tairodi, mkubwa."

Mkubwa akachungulia kiti cha nyuma. Kulikuwa na chembe ya ugali. Aliiokota kwa kucha, akaitazama, akaidondosha chini.

"Wewe ni fundi mzuri," akasema. "Sasa tairi zisiniishie tena. Inua huko nyuma, weka raba chini ya springi. Weka za watu watano wa nyuma."

Raba hukatwa kwa uzito, na fundi yeyote angeuliza. Dishon akauliza.

"Huyo wa tano ni wa kilo ngapi?"

Mkubwa alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, bila haraka.

"Kama wewe hivi."

Gachanja aliinama akaanza kutafuta nati ambayo haikuwa imepotea. Dishon alivuka hadi bucha ya kwanza, akaikamata kwa mikono miwili ndoano ya mzani wa kutundikia mapaja ya ng'ombe, akainua miguu. Muuza nyama akamsomea: sabini na mbili. Dishon akamshukuru, akarudi uwanjani, akakata raba ya kilo sabini na mbili.