Ngozi Isiyo na Doa

Kazi niliyopewa na mama mkwe ilikuwa moja tu: kumkagua shemeji yangu kila mwisho wa mwezi, kuanzia utosini mpaka nyayoni. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi, mwaka wa kumi na tisa huu, na shemeji ana ualbino. Miaka miwili nyuma alitolewa kansa mkononi. Ilikuwa ndogo, tuliiwahi. Daktari akasema nyingine inaweza kuja, na ikija tuiwahi vilevile, maana ya pili huwa haina huruma. Hapo mama mkwe akanigeukia.

"Umesikia, mwanangu? Nimekukabidhi."

Nikasema nimesikia. Ningesema nini? Kumkatalia mama mkwe mbele ya daktari ni kujitafutia makubwa.

Shemeji ni fundi simu. Kibanda chake kina meza, taa, chuma cha kulehemu na dirisha ambalo jua la asubuhi huingia bila hodi. Nilimwambia atundike pazia. Akasema pazia linamletea giza. Nikamwambia giza halijawahi kumpeleka mtu kwa daktari wa kansa. Akacheka, akaendelea kulehemu. Ndivyo alivyo, anacheka tu, na hujui kama amekubali au amekupuuza.

Sasa huko mtandaoni akazuka bwana mmoja anayejiita Mwalimu wa Jua. Kazi yake ni kulala juu ya paa la nyumba, kifua wazi, amejipaka mafuta anang'aa, na kufundisha watu kuota jua. Leo dakika kumi, kesho ishirini, keshokutwa nusu saa, ngozi itazoea na itashika rangi nzuri. Wafuasi sitini elfu! Kijana mmoja akamwandikia: mimi nina ualbino, je, na mimi nitashika rangi? Mwalimu akamjibu: "Jua halibagui."

Shemeji alinionyesha jibu hilo. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. "Shemeji," akasema, "huyu mtoto atakwenda kulala juani."

Ndipo tukafungua ukurasa wetu. Mimi nilikuwa nafungua kila video kwa maneno mawili matatu, nimevaa sare. Kisha anaingia shemeji, anaeleza: kofia pana, mikono mirefu, krimu ya kukinga jua, na jikague. Tafuta kidonda kisichopona, gamba linalobanduka na kurudi, kipele kinachotoa damu bila kuguswa. Alikuwa na kipaji, sitamnyima haki yake. Alikuwa anasema, "Mwalimu yuko juu ya paa. Hata paa lenyewe limeshababuka, halijashika rangi." Watu wakavunjika mbavu. Mwezi wa pili tukawa na wafuasi elfu nne, na yule kijana alikuwa mmojawapo.

Tulirekodi kila mtu kwake, kwa sababu tunaishi pande mbili za mji. Yeye ananitumia kipande chake, mimi naunganisha. Katika video ya kwanza niliona vifuko chini ya macho yangu, nikashtuka. Hivi ndivyo wagonjwa wanavyoniona? Nikaweka filta ya kulainisha uso. Kisha nikaona mimi nimelainika na shemeji hajalainika, tunaonekana hatujapanga. Basi siku moja nikachukua simu yake nikamwekea na yeye, ijiwashe yenyewe kila akifungua kamera. Fundi simu nimemchezea simu, na hakugundua. Nilijisifu sana.

Mwisho wa mwezi ule wa kwanza sikwenda kumkagua. Nilikuwa na zamu, halafu nikajiambia: mtu namwona kwenye kila video, nimkague nini tena? Mwezi uliofuata sikujiambia hata hivyo. Kila kipande alichonitumia nilimjibu, "Safi kabisa." Mama mkwe akinipigia kuniuliza hali ya mtoto wake, namwambia aangalie ukurasa, yupo pale, ngozi kama ya mtoto mchanga. Miezi minne ikapita hivyo, video arobaini na moja.

Mwalimu wa Jua akatuona. Akaweka picha ya shemeji kwenye ukurasa wake na kuandika: "Anawatisha kwa vidonda, yeye hana hata chunusi. Hiyo ni ngozi ya plastiki. Waongo." Watu wake wakamiminika kwetu kututukana. Yule kijana naye akauliza, kwa adabu zake: "Anti, ni kweli mnatumia filta?"

Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Mwongo, mimi? Nikatangaza kwamba Jumamosi saa nne tunakwenda laivu kutoka kliniki, bila filta, bila chochote, watu waone ngozi ya mtu anayejitunza. Kuhusu filta sikumjibu. Nilihesabu kwamba wataona vifuko vyangu, basi, tutacheka yaishe.

Jumamosi shemeji akaja kama nilivyomfundisha, kofia pana, miwani mikubwa myeusi, kola imesimama. Sikumtazama, nilikuwa nahangaika kufunga simu kwenye nguzo ya dripu kwa plasta. Watu mia tisa walikuwa wameshaingia. Mwalimu mwenyewe alikuwemo, anatuma vikatuni vya kucheka.

"Haya," nikasema. "Shemeji, vua kofia. Vua miwani. Waone."

Akavua.

Chini ya jicho la kushoto, upande wa dirisha lake, palikuwa na kidonda kipana kama kitufe cha shati. Kingo zake zimenyanyuka, katikati pana gamba, na pembeni ya gamba damu mbichi. Nimeviona vidonda hivyo miaka kumi na tisa. Sikuhitaji kusogea.

Watu mia tisa walikuwa wananitazama. Shemeji bado alikuwa anatabasamu kwenye simu, anasubiri nimsifie.

"Shemeji," akaninong'oneza, "sema kitu."

Nikasema, "Hiki ndicho tulichowaambia mkitafute." Kisha nikazima simu na kumwita daktari.

Daktari alikuwa chumba cha pili. Akaja, akavaa glovu, akakiminya pembeni, akakiangalia kwa lenzi muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kilianza lini?"

"Wiki mbili," shemeji akajibu haraka. Alikuwa ananitazama mimi, na nikaelewa ananifichia aibu yangu kwa bosi wangu. Daktari akaanza kuandika wiki mbili.

"Futa, daktari," nikasema. "Si kweli. Mimi ndiye niliyekuwa namkagua, na sijamkagua miezi minne."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza kama kuna picha, apime kasi ya kukua. Picha! Nikafungua ukurasa wetu. Arobaini na moja, kila moja na tarehe yake. Akazipitisha moja baada ya nyingine, na katika zote shavu lile lilikuwa laini, halina alama. Akanirudishia simu.

"Kilianza muda mfupi baada ya video za mwanzo," shemeji akasema taratibu. "Nilidhani ni cheche ya lehemu. Nilitaka kukuuliza, shemeji, wallahi nilitaka. Lakini kila video ulikuwa unaniona, unaniandikia safi kabisa. Nikasema kama muuguzi anaona ni safi, mimi fundi simu najua nini?"

Daktari akamweleza kama anavyowaeleza wote, bila kuzunguka. Miezi minne nyuma kingetoka kipande cha ukubwa wa punje ya hindi, na jioni angerudi nyumbani. Sasa kope la chini litaondoka lote. Jicho lenyewe hawezi kuahidi, mpaka akishafungua aone kimefika wapi.

Shemeji akaangalia mikono yake, akaifunga, akaifungua.

"Haidhuru," akasema. "Simu huwa naziangalia kwa la kulia."

Nikatoka nje nikalia kwa sauti, na sare yangu, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa.