Milimita Hamsini na Nne za Moyo wa Mama

Mama yangu Felicitas na mjomba Tiburcio ni mapacha. Walipofika miaka sabini na moja walipimwa moyo siku moja, katika hospitali moja hapa Iloilo, Ufilipino. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo kikasoma upana wa milimita hamsini na nne, kwa mama na kwa mjomba vilevile. Wote wakaambiwa: kawaida.

Mjomba akaenda zake kunywa tuba, pombe yetu ya mnazi. Mama akarudi kwenye kibanda chake cha supu ya tambi, na wiki baada ya wiki sufuria ikamshinda kuinua. Ngazi za nyumbani ni saba; akifika ya nne anakaa. Miguu ikavimba. Baada ya miezi minane nikamrudisha hospitali, mjomba akatusindikiza.

Daktari hakuinua hata macho. "Mama, ulishaambiwa. Ni uzee huo, na wasiwasi. Wanawake wa umri wako ndivyo walivyo."

Mama akasimama. Hafiki begani kwangu. "Wasiwasi? Mimi nina hasira, daktari. Usinibadilishie ugonjwa."

Nikaichukua karatasi ya majibu. Palichapwa: kawaida, mwisho 58. "Hiki kipimo ni cha nani?"

"Cha watu wazima."

"Wanaume au wanawake?"

Daktari akaendelea kuandika. Mjomba akamcheka daktari kwa uchungu. "We kijana, nitazame mimi, kisha mtazame dada yangu. Shati langu kwake ni gauni. Moyo ndio utoshane?"

Mpimaji aliyewapima mara ya kwanza, dada mmoja aitwaye Jovelyn, akiwa mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Kwa wanawake mwisho ni hamsini na mbili. Kwa umbo lake, hata hizo ni nyingi. Lakini fomu ina mstari mmoja tu."

"Kumbe ulijua?" mama akamuuliza. Jovelyn akainamisha kichwa. Mama hakumwonea huruma, na mimi sikumwonea.

Alipimwa upya. Vali, kile kilango cha damu moyoni, ilikuwa inavuja vibaya, na damu inayorudi ilikuwa imekitanua chumba hadi misuli ikalegea. Bingwa aliyempasua alituambia, "Lau mngekuja mapema."

"Tulikuja mapema," mama akasema.

Yu hai. Lakini nguvu zake hazikurudi zote, na kibanda sasa nakiendesha mimi. Barua yetu ya malalamiko ilijibiwa kwa sentensi mbili za shukrani. Basi kila Jumanne mama akawa anakwenda na kigoda chake, anakaa mlangoni kwa mkurugenzi wa hospitali. Walinzi walimbembeleza, wakamtisha, mwisho wakamzoea.

Mwezi wa tano wa kukaa kwake pale, mkurugenzi akatoka na fomu mpya: mstari wa wanaume, mstari wa wanawake, na nafasi ya kuandika umbo la mgonjwa. Akampa kwa mikono miwili, akitabasamu.

Mama akaisoma yote. "Na wale wanawake mliowaambia kawaida kabla yangu, mmeshawaita?"

Tabasamu likamtoka mkurugenzi.

Jumanne iliyofuata, mama alichukua kigoda chake akaenda.