Aliyepokea Simu ya Bonaventure

Amandine alirudi Uvira baada ya kumuuguza dada yake Bujumbura kwa wiki sita, akakuta nyumba yake ya wageni imenyamaza. Vyumba vinane, mgeni mmoja. Toussaint, mpishi wake, alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni akichambua mboga za lengalenga ambazo hakuna aliyeziagiza.

"Bageni habakuje tena, Mama. Tangu ulienda."

"Ulimwambia Bonaventure?"

"Nilimuandikia. Hakujibu."

Bonaventure ndiye aliyemtengenezea tovuti, na wageni karibu wote walifika kwa njia hiyo. Kila kitu kilikuwa mikononi mwake. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe yake, neno la siri alilijua yeye peke yake, na hata nambari ya simu iliyoandikwa pale ilikuwa yake. Alisema ni kwa muda tu, mpaka amalize kazi. Maombi ya vyumba yaliingia kwake, naye alikuwa akimtumia Amandine ujumbe. Miaka miwili ilipita hivyo, na Amandine hakuona sababu ya kuuliza.

Alimpigia. Simu haikuita hata mara moja. Akaandika ujumbe, haukufika. Basi akachukua simu ya Toussaint, akaipiga nambari ileile. Iliita, akapokea mwanamke.

"Nataka chumba," Amandine akasema, akiibana sauti. "Kwa siku mbili."

"Ile nyumba balishaifunga. Tafuta fasi ingine."

"Nani amesema imefungwa?"

"Minye nasema." Simu ikakatwa.

Amandine alibaki amesimama uani. Kumbe nambari ilikuwa hai. Ni yeye tu aliyefungiwa mlango. Akaona mambo yanapangana: Bonaventure ameuza tovuti, na aliyeinunua amemweka mwanamke wa kuwafukuza wageni. Na ni nani wa kuinunua kama si Mathieu, mwenye nyumba ya wageni ya pili kwenye barabara hiyohiyo? Mwezi kabla ya safari alimwona Bonaventure ameketi kwa Mathieu, chupa ya Fanta mbele yake, wakicheka. Akamgeukia Toussaint. Mbona huyu naye hakumpigia Bujumbura wiki zote hizo? Toussaint aliliona jicho hilo, akainamia mboga zake.

Asubuhi alikwenda kwa Mathieu. Magari matatu yalikuwa yameegeshwa ndani. Mathieu alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Papa Mathieu, ile site yangu iko na nani?"

"Unakuja kuniita mwizi hapa kwangu, mu lupango yangu?"

"Sijataja mwizi. Nauliza ulichoongea na Bonaventure."

"Nilitaka anitengenezee yangu. Hakuwahi." Akaweka kikombe chini. "Mama Amandine, Bonaventure alikufa. Balimuzika Runingu, kwa babo. Iko zaidi ya mwezi. Haukujua?"

Amandine akashika nguzo ya baraza. Lakini alipopanda pikipiki kuelekea Runingu, upepo wa bonde ukimpiga usoni, huzuni ilianza kuipisha ile shaka ya jana. Kama Bonaventure amekufa, yule mwanamke ni nani? Na kama Mathieu amesema uongo ili amtoe mjini kwa siku nzima?

Mathieu hakuwa amesema uongo. Pale Runingu watu walimwonyesha nyumba ya marehemu bila kuuliza mara mbili. Mjane wake, Charlotte, alikuwa akianika mihogo juu ya mkeka. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa cheusi kichwani. Amandine alipotaja jina lake, Charlotte aliinuka.

"Ni weye."

"Tunajuana?"

"Weye ni wa chumba ya ine." Aliingia ndani, akatoka na simu ya marehemu, akasoma kwa sauti kavu: "'Chumba ya ine iko tayari. Kuja mapema, mbele ya bageni baamuke.' Iko yako ao hapana?"

"Ni yangu. Alikuja kupiga picha."

"Banaume bote banaendaka kupiga picha."

Amandine alihisi damu ikimpanda. Hivi huyu ndiye aliyemfungia nambari, akawaambia watu nyumba imefungwa, na sasa anamtukana? Alitaka kugeuka aende. Badala yake akafungua tovuti kwenye simu yake, akangoja huku mtandao ukijivuta, akamnyooshea picha ya chumba cha nne.

Charlotte aliikuza kwa vidole viwili. Mlango wa kabati ulikuwa na kioo. Ndani ya kioo Bonaventure alikuwa ameinama na kamera, ncha ya ulimi imetoka mdomoni. Nyuma yake Toussaint, na aproni yake, ameinua pazia kwa mpini wa ufagio ili mwanga uingie.

"Ulimi," Charlotte akasema polepole. "Akifanya kazi alikuwaka anautoa vile."

Akaketi kwenye mkeka, katikati ya mihogo. Hakuomba radhi. Baadaye kidogo akasema, "Nilibafukuza batu bengi. Kila aliyeita niliona ni weye umemutuma."

Amandine alimweleza anachotafuta, wakafanya kazi mpaka jua lilipokuwa kichwani. Charlotte hakuiachia simu ya mumewe. Tarakimu za uthibitisho zilipoingia, alizisoma mwenyewe, moja moja. Barua pepe ilipofunguka wakaona onyo: jina la tovuti lilikuwa limebakiza siku tisa kabla ya usajili wake kwisha. Amandine alililipia, akalihamishia kwenye barua pepe yake, akaweka neno jipya la siri na nambari yake mwenyewe.

"Zingine usifungue," Charlotte akasema. Kulikuwa na barua za wateja wake wengine, duka la dawa na kwaya moja, zote zikimuuliza Bonaventure yuko wapi. "Bale nitabajibu minye."

Wageni walianza kurudi wiki hiyohiyo. Wa kwanza alikuwa daktari na mkewe. Amandine alimwomba Toussaint msamaha, naye akacheka, akasema hakumpigia Bujumbura kwa kuwa hakutaka kumsumbua akiwa na mgonjwa. Kwa Mathieu alikwenda na kikapu cha samaki wa ndagala. Mathieu alikipokea na kushukuru vizuri. Lakini tangu siku hiyo, wakikutana barabarani, anamsalimia Toussaint tu.