Penalti ya Wafumaji

Jumapili saa kumi kasoro, Mutheu alisogeza sofa hadi ukutani na kukunja zulia. Babake, mzee Kivuva, alikuwa ameshafika na karanga zake kwenye karatasi ya gazeti. Muda si muda Odongo, namba tisa wa Wafumaji FC, akapangusa viatu mlangoni, akasalimia, akatenga mpira katikati ya sebule, refa na wachezaji wenzake wakiwa nyuma yake. Odongo alizikwa Ugenya miaka minane iliyopita.

Fleti hiyo ya Kiganjo imejengwa juu ya kiwanja cha Wafumaji. Siku tingatinga lilipoingia, walikuwa sare ya bao moja kwa moja na timu ya Ruiru, dakika ya tisini, na refa alikuwa ameshatoa penalti. Mwenye tingatinga alikuwa na hati ya shamba. Wachezaji walikuwa na jezi tu. Mechi haikuisha, kwa hiyo wao hurudi kila Jumapili kuimaliza. Kuta haziwasumbui. Mpira ndio haupenyi ukuta, kwa sababu ni mpira wa kweli, ulionunuliwa kwa mchango.

Mutheu ni muuguzi Ruiru. Aliposikia kwamba alama ya penalti iko sebuleni kwa nyumba namba nne, alihama nyumba nzuri ya Membley akaja kupanga hapa. Tangu mamake afe, Wafumaji ndio pekee walioweza kumtoa mzee nyumbani kwake.

Kivuva haangalii penalti, na hajawahi. Zamani Mutheu alikaa mabegani mwake akitazama nyuma. Mzee aligeuzia goli mgongo, mtoto akamtangazia. Leo pia aligeukia kalenda ya ukutani. Goli liko nje, ng'ambo ya mlango wa jikoni, na kipa wa Ruiru alikuwa ameinama katikati ya magari mawili ya wapangaji.

Odongo akapiga. Mpira ukapita jikoni, ukagonga, ukarudi.

"Imeingia?"

"Imegonga mwamba, Baba."

Mwaka mzima imekuwa hivyo. Mzee akamenya karanga moja bila haraka.

"Mutheu, zile goli nilichomelea mimi, na bomba la maji. Na milango ya watu nimetengeneza miaka thelathini. Hiyo imegonga mbao."

Mutheu aliona haya, kama mtoto aliyepatikana na sukari mdomoni.

"Nikifungua mlango mechi itaisha," alisema. "Na ikiisha hutakuja tena."

"Nani alikwambia mimi huja juu ya Odongo? Usisikie vibaya, Odongo."

"Hakuna shida, mzee."

"Fungua. Hawa vijana wamechoka."

Mutheu akafungua. Refa, ambaye alikuwa amesikia yote, akaamuru irudiwe. Mzee akageukia kalenda tena.

"Imeingia, Baba," Mutheu alisema. Alikuwa analia, wala hakujificha.

Wachezaji walimbeba mzee juu juu, wakamzungusha sebule na jikoni, wakamrudisha kwenye sofa. Refa alibaki kidogo akamaliza chai. Kisha wote wakaenda zao, na hawajarudi.

Jumatatu mwenye fleti alibandika ilani kwenye geti: ni marufuku kucheza mpira katika ploti hii.

Jumapili iliyofuata, saa kumi kasoro, mzee alifika na karanga. Mutheu alikuwa ameshasogeza sofa, kwa mazoea. Waliketi kwenye mlango wa jikoni wakiangalia nje, ambapo mwenye fleti alikuwa ameegesha gari lake jipya mbele kabisa ya goli.

"Hiyo gari iko ofsaidi," mzee alisema.

"Kabisa, Baba."

Hakuna aliyepuliza filimbi. Mutheu akampokea karatasi ya karanga, akaanza kummenyea.