Chuma cha Kamio

Kisu kilipasuka ndani ya mafuta. Isidore alisikia mlio mdogo, kama ukucha unaokatika, na kabla hajakitoa kwa koleo alijua kwamba kazi yake yote imepotea. Alikigeuza juani. Ufa ulianzia kwenye makali ukapanda hadi mgongoni. Chuma cha majembe yaliyochakaa kiliweza kuchinja mbuzi, lakini kisu ambacho Shefu alitaka kumzawadia Bwana Mukubwa, mzungu mtawala wa Fizi, kilihitaji chuma kingine.

Shefu alikuwa amesema wazi. “Bwana Mukubwa anapenda bisu. Utamutengenezea moja ya kushinda ya Bulaya. Ukishindwa, utaenda ku barabara na benzako.”

Isidore aliijua hiyo barabara kwa kutazama miguu ya Eugène, jirani yake. Kutwa nzima Eugène alivunja mawe kwenye njia ya Lulimba bila malipo, na nyayo zake zilikuwa zimechanika hata akawa anakanyaga kwa pembeni. Akirudi kwao mjini Baraka jioni, alikaa kwenye mivukuto ya Isidore akampulizia moto, kisha akaondoka na makaa kidogo ya kupikia.

“Yaya, chuma hii haifai,” alisema Eugène, aliyemwita hivyo kama kaka mkubwa, akiokota kipande kilichopasuka.

“Najua. Ingekuwa resori ya kamio...” Isidore alisita, kisha akasema lile ambalo baadaye alitamani angelimeza. “Ile kamio ya pamba ilianguka kule munatumikaka. Byuma yake biko wapi?”

“Biko mu majani. Bilivunjika, wenyewe bakabitupa.”

“Uniletee, ndugu yangu. Mi sina njia ingine.”

Eugène alizileta resori, vile vyuma virefu vilivyopinda vinavyobeba uzito wa kamio, yaani lori, akiwa amezifungia ndani ya tita la kuni. Isidore alitwaa kimoja. Kiwanda chake hakikuwa na mlango, kwa hiyo vilivyobaki Eugène aliviweka nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Chuma kile kilikuwa kikaidi. Isidore alikipasha moto mpaka kikawa na rangi ya chikichi zilizoiva, akakikata kwa tindo, akakinyoosha juu ya fuawe, akakirudisha motoni, akakipiga tena. Alivuta mkia wa kuingia mpinini. Alipunguza makali kidogo kidogo, akisikiliza sauti ya nyundo kuliko kuangalia. Kisha alikisugua juu ya jiwe kwa mchanga wa ziwani na maji mpaka vidole vikachubuka. Alipokitumbukiza katika mawese, kilifoka, kikanyamaza. Wote wawili walizuia pumzi. Hakikupasuka. Akakirudisha juu ya makaa yaliyofifia, kukipunguzia ukali wa ndani usije ukakivunja, mpaka rangi ya jani kavu la muhindi ikatambaa kutoka mgongoni.

“Hii njo kisu!” Eugène alicheka, akapiga makofi kama mtu aliyepata mtoto nyumbani kwake. Isidore naye alicheka. Hata baba yake hakuwahi kufua kitu kama kile.

Alikuwa akichonga mpini wa pembe ya ng’ombe aliposikia kelele. Mzungu wa stoo ya pamba alikuwa amelalamika kwamba resori za akiba zimepotea. Watu wengi walijua kwamba dereva wake ndiye aliyekuwa akiziuza, lakini polisi hawakwenda kwa dereva. Walikuta vyuma nyuma ya nyumba ya Eugène.

“Nani alikutuma?” polisi aliuliza, akampiga kofi.

Isidore alisimama katikati ya watu, vumbi la pembe mikononi. Eugène alimtazama, kisha akatazama chini.

“Hakuna. Mi mwenyewe.”

Walipomfunga kamba, Isidore alienda kwa Shefu. Alimkuta anatafuna karanga.

“Mwami, ile chuma haikuibiwa. Ilitupwa. Na mi njo nilimutuma.”

Shefu alimaliza kwanza karanga zilizokuwa kiganjani. “Kisu iko tayari?”

“Iko tayari. Lakini Eugène...”

“Unataka niende kumuambia Bwana, hii zawadi yangu ni ya wizi? Sasa fimbo ni ya muntu mumoja. We ukisema, itakuwa ya sisi bote. Wende ukakipake mafuta.”

Isidore akaenda. Njiani alijiambia kwamba amejaribu. Alilirudia neno hilo mpaka likakosa maana, na chini yake akagundua kitu kilichomtia haya zaidi: alikuwa ameona nafuu kwamba Shefu amemkataza.

Huko Fizi, siku ya kutoa zawadi, Eugène alikuwa amelazwa kifudifudi uani, mbele ya bureau, ofisi ya Bwana Mukubwa, suruali imeshushwa. Askari alishainua fimbo ya ngozi ya kiboko. Bwana Mukubwa alimwashiria angoje kwanza. Hakutaka kelele wakati anatazama kisu. Alinyoa nacho malaika ya mkononi, akatabasamu.

“Muzuri sana. Chuma ya wapi?”

“Ya kwetu, Bwana,” Shefu alijibu.

Macho ya mzungu yakamhamia mhunzi, aliyesimama nyuma ya Shefu. “Ya kwenu?”

Eugène alikuwa ameligeuza shavu lake kwenye vumbi. Alikuwa anasikia kila neno.

“Ndiyo, Bwana,” Isidore alisema.

“Nataka ingine, ya barafiki yangu. Mu bureau iko ile chuma ya mwizi. Beba, utatumika nayo.”

Kisha akamwashiria askari aendelee.

Isidore alishuka mlima na resori begani. Fimbo alizisikia mpaka kwenye kona ya njia.

Baada ya siku chache Georgette, mke wa Eugène, alifika kiwandani. Hakujua nani aliyemtuma mumewe; Eugène, ambaye bado alikuwa amefungwa Fizi, alikuwa hajamwambia.

“Yaya Isidore, banasema Bwana Mukubwa anakupenda sana. Twende Fizi pamoja. We umuambie tu kama Eugène haiko mwizi. Wewe atakusikia.”

“Tutaenda,” Isidore alisema. “Kesho asubuhi.”

Asubuhi Georgette alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, kichwani sahani ya ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, ya kumpelekea mumewe, imefungwa kwa kitambaa. Alisimama kando ya barabara, mbele ya kiwanda. Isidore alikuwa amekwisha kuwasha moto.

“Yaya Isidore! Tuende, jua inapanda!”

Isidore alichomoa resori makaani akaanza kupiga. Georgette aliita tena, akasogea hatua moja, akaita. Chuma kilipoteza wekundu, kikawa kijivu, kikapoa kabisa juu ya fuawe. Isidore hakukirudisha motoni. Alikipiga hivyo hivyo, kwa nguvu zaidi kila aliposikia jina lake.