Nyota Iliyochoma Vidole

"Nyota gani inachoma?" Bertha aliuliza kwa mara ya tatu. "Kaka Talal, nitajie nyota moja tu inayochoma watu vidole."

"Ya Maskati," Talal akajibu. "Kule jua kali."

"Jua na nyota wapi na wapi!"

Fakhria, dada yake Talal, alikuwa amepiga magoti kati yao, kalamu mkononi. Kadi kumi na moja alikwisha kuziandika. Ya kumi na mbili ilikuwa tupu. Mbele yake ulitandazwa mfarishi wa viraka wa marehemu bibi yao, Bi Bayan, ambao ulitakiwa kufika kwenye maonyesho mjini Tanga kabla ya alasiri, kila kiraka na kadi yake: jina la nakshi, asili yake, aliyeshona.

Viraka kumi na moja havikuwa na taabu, kwa sababu kila kiraka kilifanya mambo ya kwao. Cha Kigombe kilijaa maji bahari ikijaa, na saa hiyo ilikuwa inajaa, kwa hiyo Fakhria alikuwa amekiwekea beseni. Cha Amani kilinyesha manyunyu kila asubuhi mpaka saa nne. Cha Ushongo kilitoa kaa wadogo, ambao wanawe Fakhria walizoea kuwazoa kwa ufagio kabla ya kwenda shule. Fakhria hakuwa na ugomvi na kaa. Alichochukia ni mchanga.

Kiraka cha kumi na mbili kilikuwa katikati: duara la ncha nyingi, kwa uzi wa kijani kilichofifia. Nyumba nzima ilikiita Nyota ya Maskati. Bi Bayan aliwaambia wageni kwamba aliichukua kwenye anga la wazee wake, na cheti alichopewa kwa kazi hiyo kilikuwa bado ukutani, ndani ya kioo. Aliyekilalia aliamka na damu.

Bertha alikuwa ameitwa asaidie kukunja tu. Mama yake, Kristina, aliishi chumba cha uani miaka kumi na tisa, akipika na kufua. Ndipo Bertha akasoma kadi, na kila moja iliandikwa: aliyeshona, Bi Bayan.

"Nyamazeni wote wawili," Fakhria akasema. "Nina saa moja. Bertha, wewe unasema ni nini?"

"Mkonge."

Talal akacheka. "Mkonge ushakuwa nyota?"

"Simama, dada. Usiutazame kwa ubavu. Inama, utazame kwa juu, kama mtu anayeukata. Mama aliukata kabla ya kuja humu."

Fakhria akasimama, akainama. Mkonge aliuona maisha yake yote kupitia dirisha la gari, na kwa ubavu ulifanana na ufagio uliosimamishwa kichwa chini. Kwa juu ulikuwa huu hapa: majani yametawanyika pande zote, kila jani na mwiba mweusi nchani. Ukoo wao ulikuwa na mashamba ya mkonge kwa vizazi vitatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuinamia.

"Mkonge," akasema.

Kiraka, kilipoitwa kwa jina lake, kikatoa mlingoti, ule mti mrefu wa maua ya mkonge. Ukapanda taratibu, umenyooka, kuelekea darini. Talal akaenda kuzima feni.

"Umezeeka," Bertha akasema. "Mkonge ukishatoa mlingoti hauna siku nyingi. Ngoja utaona watoto wake."

Vichipukizi vikaanza kudondoka: vitambaa vya ukubwa wa kiganja, vimekwisha kupindwa kingo, kila kimoja na mkonge mchanga katikati. Fakhria alijaribu kukumbuka Bi Bayan akiwa na sindano. Hakuweza. Hata vifungo vyake alishonewa.

"Wageni walikuwa wakimuuliza mama kama anajua kushona," Bertha akasema. "Anajibu hajui. Aliambiwa ajibu hivyo."

"Kitabu cha maonyesho kimeshachapwa," Talal akasema. "Ukurasa wa tisa. Bi Bayan, na picha yake."

"Najua. Na kitabaki hivyo hivyo."

Asubuhi Fakhria alikuwa amewapigia simu watu wa maonyesho wasahihishe herufi moja tu, wakakataa. Cheti nacho kisingebadilika. Na Kristina alikuwa makaburini kwa Walutheri, haonyeshwi kadi.

Akachukua kadi tupu, akaandika: *Mkonge, kama anavyouona anayeukata. Asili: shambani. Aliyeshona: Kristina.* Akasita.

"Kristina nani?"

"Miaka kumi na tisa, dada."

"Ndiyo. Kristina nani?"

"Abrahamu."

Akaandika *Abrahamu*. Kisha akakata jina la bibi yake kwenye kadi zote kumi na moja, mstari mmoja kila kadi, akaandika la Kristina juu yake. Talal alifungua mdomo.

"Wewe fungua mlango," Fakhria akamwambia. "Mabawa yote mawili. Huu mti hautapita kwa bawa moja."

Akafungua. Bertha alikuwa anaokota vichipukizi, anavifunga kwenye kanga yake.

"Vyote ni vyako," Fakhria akasema. "Utavishona?"

"Tutavishona. Usinitoroke."

"Haya. Shika upande wa Kigombe, una maji."

Bertha akashika. Fakhria akaingiza mikono katikati, penye miiba, akanyanyua. Ilimchoma vidole vyote, hakuachia. Wakatoka barazani, mlingoti ukitangulia, na Talal nyuma yao amebeba beseni.